Maswali ya Wasomaji: Mipaka ya Wadi na Uwakilishi Lamu Mashariki

Barua zinazohusu mipaka ya wadi zimezidi kutufikia, nyingi zikitoka Kaunti ya Lamu. Tumechagua nne na kuzijibu pamoja, kwa sababu jibu la moja linagusa jibu la nyingine.

Mhariri, assalaam alaykum. Sisi watu wa kisiwa cha Pate tuna miji mingi: Pate, Siyu, Faza, Tchundwa, Mbwajumwali, Kizingitini. Yote iko katika wadi moja ya Faza na inasemewa na mtu mmoja katika bunge la kaunti. Wenzetu wa Lamu Magharibi wana wadi saba. Je, mipaka ikipitiwa upya hatuwezi kugawanywa tukapata wadi mbili? – Msomaji, Siyu

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Malalamiko yako yana uzito, na yeyote aliyewahi kusubiri maji yajae ili chombo kipite mkondo wa Mkanda anaelewa kwa nini mtu wa Siyu huona ofisi za kaunti ziko mbali kuliko ramani inavyoonyesha. Hata hivyo ni wajibu wetu kukueleza hesabu ilivyo, kwani atakayekwenda mbele ya tume bila kuijua hesabu hiyo anaweza kuomba jambo litakalomdhuru.

Kifungu cha 89 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) igawanye maeneo ya uwakilishi ili kila moja liwe na idadi ya watu inayokaribia wastani wa kitaifa. Wastani huo hupatikana kwa kuchukua idadi ya wakazi wote wa Kenya na kuigawanya kwa idadi ya maeneo bunge, au kwa idadi ya wadi ikiwa kinachopimwa ni wadi. Mipaka tunayoitumia leo ilichorwa mwaka 2012 kwa kutegemea sensa ya 2009, iliyohesabu watu 38,610,097, na kwa wadi 1,450 wastani ulikuwa watu 26,628. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296. Kwa hesabu hiyo wastani wa wadi sasa ni watu 32,803.

Katiba yenyewe inakubali kwamba nchi si tambarare. Inaruhusu wadi iwe juu au chini ya wastani kwa asilimia 30, na kwa miji mikuu na maeneo yenye watu wachache waliotawanyika inaruhusu asilimia 40. Hata tukichukua nafuu hiyo kubwa kabisa, wadi ya Lamu haipaswi kuwa na watu chini ya 19,682 hivi. Sasa tazama: sensa hiyo hiyo ya 2019 iliwapata watu 22,258 katika Lamu Mashariki nzima, yaani Faza, Kiunga na Basuba zikijumlishwa. Eneo bunge lote, lenye wawakilishi watatu wa wadi, linavuka kidogo tu kiwango cha chini cha wadi moja. Wadi ya Faza ikikatwa katikati, hakuna kipande kitakachofikia hata nusu ya wastani.

Kwa hiyo jibu la moja kwa moja ni kwamba, kwa sheria ilivyo, kisiwa cha Pate hakiwezi kupata wadi ya pili kwa hoja ya idadi ya watu. Tena kuna kizingiti kingine juu ya hicho. Idadi ya wadi 1,450 kwa nchi nzima imewekwa katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kwa hiyo wadi inayoongezwa Lamu ni wadi inayoondolewa kwingineko, isipokuwa Bunge libadilishe sheria hiyo. Kaunti zenye watu wengi zitafika mbele ya tume zikiwa na hoja nzito ya kudai nyongeza, na zitaangalia wadi ndogo kama za Lamu wakati wa kuuliza nyongeza hiyo itatoka wapi.

Hatusemi haya ili mkate tamaa. Tunasema kwa sababu kero yako ina sehemu mbili, na moja kati ya hizo ina dawa iliyo karibu zaidi. Kama tatizo ni kwamba mji wa Siyu hausikiki ndani ya wadi, kifungu cha 48 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaliruhusu bunge la kaunti kuanzisha vitengo vya vijiji chini ya wadi, na kifungu cha 53 kinaeleza baraza la kijiji lenye msimamizi pamoja na wazee wasiopungua watatu na wasiozidi watano. Uamuzi huo hauhitaji tume ya uchaguzi, hauhitaji sensa mpya, wala hausubiri Nairobi. Mnaweza kuliandikia bunge la kaunti ombi rasmi kwa haki mliyopewa na kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo, mkitaja miji inayostahili kuwa na baraza lake na kueleza kwa nini. Kwa maoni yetu, baraza la kijiji lenye nguvu katika kila mji wa kisiwani litafanya kazi kubwa kuliko mstari mpya kwenye ramani, mradi kaunti ilipe mabaraza hayo na iyasikilize inapopanga bajeti.

Mimi ni mkazi wa wadi ya Basuba. Tunasikia kwamba wadi zenye watu wachache zitaunganishwa na jirani zake. Waboni tukiunganishwa na watu wa pwani hatutamchagua mtu wetu tena. Nani anatulinda? – Msomaji, Mangai

Hili ndilo swali lililotushughulisha zaidi wakati wa kuandaa safu hii. Hofu yako ina msingi, na hatutaki kukupa faraja isiyo na msingi.

Mwaka 2010 wananchi walipoipitisha Katiba, maeneo bunge madogo yalipewa kinga. Jedwali la Sita lilielekeza kwamba mapitio ya kwanza yasisababishe kufutwa kwa eneo bunge lolote lililokuwepo, na kwa kinga hiyo Lamu Mashariki ilibaki hai mwaka 2012 ingawa watu wake walikuwa wachache mno kulinganisha na wastani. Wadi zake tatu zilibaki chini ya mwavuli huo. Lakini maneno ya Jedwali yalihusu mapitio ya kwanza peke yake. Mapitio yajayo ni ya pili, na kinga hiyo haipo tena. Kwa nambari tupu, Kaunti ya Lamu yenye watu 143,920 ingestahili wadi nne au tano kwa wastani wa kitaifa, na saba kwa nafuu ya asilimia 40. Leo ina kumi.

Kuna upande wa pili, nao ni wa haki. Kifungu cha 89 kinaitaka tume, pamoja na idadi, izingatie sura ya nchi, masilahi ya pamoja ya jamii, historia, uchumi na utamaduni wao, na njia za mawasiliano. Kifungu cha 56 kinaitaka Serikali iweke mipango ya kuhakikisha jamii ndogo na zilizotengwa zinashiriki na kuwakilishwa katika utawala. Na kabla ya Katiba hii kuwepo, mwaka 2006, Mahakama Kuu iliamua kesi ya jamii ya Wailchamus wa Baringo, waliolalamika kwamba katika eneo bunge kubwa lenye jamii nyingine nyingi hawangeweza kamwe kumpeleka mtu wao Bungeni. Mahakama ilikubali kwamba wao ni jamii ndogo yenye haki ya kuwakilishwa, na kwamba wachora mipaka wanapaswa kulitazama jambo hilo. Hali ya Waboni wa Mangai, Milimani, Mararani, Kiangwe na Basuba yenyewe inafanana nayo sana: ni watu wa msitu, wenye lugha yao, ambao maisha yao yalitegemea asali na mawindo, na ambao kwa miaka mingi wamebanwa na operesheni za usalama katika msitu huohuo.

Ugumu ni kwamba asilimia 40 imeandikwa ndani ya Katiba kama mpaka wa mwisho. Tume ikitaka kuwahurumia haitaweza kuuvuka kwa huruma peke yake. Wakili wa jamii anaweza kuhoji mahakamani kwamba kifungu cha 89 kisomwe sambamba na cha 56, na sisi tunaamini hoja hiyo ina nguvu, lakini njia iliyo salama zaidi ni kurekebisha Katiba ili jamii ndogo za aina hii zipate kinga ya kudumu, isiyokoma baada ya mapitio ya kwanza. Kura ya mtu wa mjini na ya mtu wa Basuba zinapaswa kukaribiana uzito, hilo hatulikatai. Lakini mwakilishi anayetoka katika jamii ya watu wachache hubeba kazi ambayo hakuna mwingine atakayeibeba akiondoka, na nchi yenye wadi 1,450 inaweza kustahimili chache za namna hiyo bila usawa wa kura kuvurugika.

Wapo watakaokuambia kwamba viti vya uteuzi vitaziba pengo. Kifungu cha 177 kweli kinawapa nafasi wawakilishi wa makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana. Ila viti hivyo hugawiwa vyama kulingana na wadi vilivyoshinda, na jina hutoka katika orodha ya chama. Mteule anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini Mangai haimchagui na Mangai haiwezi kumwondoa.

Hapa Hindi, Lamu Magharibi, tumeambiwa tutapata lokesheni mpya na chifu wake. Je, hiyo ni hatua ya kupata wadi mpya? – Msomaji, Hindi

Hapana. Lokesheni na lokesheni ndogo ni mamlaka ya serikali ya kitaifa, na chifu hufanya kazi chini ya naibu kamishna wa kaunti. Wadi huchorwa na tume ya uchaguzi peke yake. Viwili hivi hukutana mahali pamoja tu, lakini mahali penyewe ni muhimu: sensa huhesabu watu kwa lokesheni ndogo, na mwaka 2012 tume ilizijenga wadi kwa kuziunganisha lokesheni ndogo hizo. Mstari wa lokesheni ndogo ukipita vibaya leo, ukatenganisha mtaa na shule yake au kisima chake, kosa hilo linaweza kuhamia kwenye wadi kesho. Basi hudhurieni mikutano ya chifu kuhusu mipaka, na msiione kuwa ni jambo dogo. Hindi inakua tangu bandari ya Lamu ilipoanza kazi mwaka 2021, na panapohamia watu wengi hesabu ya sensa ijayo itakuwa na maana kubwa.

Mapitio haya yatafanyika lini, na mwananchi wa kawaida anatoaje maoni yake? – Msomaji, Kiunga

Katiba inataka mapitio yafanywe kati ya miaka 8 na 12 tangu yaliyotangulia. Mipaka ya sasa ilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwezi Machi 2012, hivyo ukomo wa miaka 12 ulipita Machi 2024. Wakati huo tume haikuwa na makamishna hata mmoja: mwenyekiti wa zamani na wenzake waliokuwa wamebaki walimaliza muda Januari 2023, na waliowafuata waliapishwa Julai 2025. Kuiacha tume bila makamishna kwa zaidi ya miaka miwili, ilhali ukomo uliowekwa na Katiba unajulikana, ni uzembe ambao wananchi wa maeneo ya mbali ndio wanaoulipia, na tunalisema hilo bila kuficha.

Jambo la pili la kukumbuka ni la kalenda. Mapitio yasiyokamilika angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu hayatumiki katika uchaguzi huo. Kwa uchaguzi wa Agosti 2027, maana yake ni kwamba mipaka mipya iliyokamilika baada ya Agosti 2026 itaanza na uchaguzi unaofuata, si huu.

Tume inalazimika kushauriana na wote wanaohusika kabla ya kuamua. Maoni ya mdomo katika mkutano husikika siku hiyo na kusahaulika. Maoni ya maandishi hubaki katika kumbukumbu na yanaweza kurejelewa mahakamani. Kwa hiyo andikeni. Semeni kutoka Kiunga hadi makao ya kaunti mtu husafiri kwa njia gani, kwa muda gani, kwa nauli gani, na msimu wa kusi ukichafuka hali inakuwaje. Tajeni barabara ya bara na hatari yake. Tajeni vijiji vinavyotumia zahanati moja, soko moja, madrasa moja, kwa kuwa hayo ndiyo masilahi ya pamoja ambayo Katiba inayataja. Msidai tu kwamba mnastahili. Onyesheni mstari mnaoutaka upite wapi na ni vijiji gani viwe upande gani, mkitumia idadi za sensa za lokesheni ndogo zenu.

Mipaka ikishachapishwa, yeyote asiyeridhika ana siku 30 za kuomba Mahakama Kuu iipitie, nayo mahakama ina miezi mitatu ya kuamua. Mwaka 2012 kesi zilikuwa nyingi kutoka pande zote za nchi, na hukumu iliyotolewa Julai mwaka huo ilibadilisha baadhi ya wadi na majina yake. Siku 30 ni chache kwa watu wanaopaswa kuvuka bahari kumpata wakili, kwa hiyo kamati ya wazee, wanawake na vijana iundwe mapema, iwe na nakala za barua zote zilizopelekwa kwa tume, na ijue tangu sasa nani atakayeibeba kesi hiyo kama itahitajika.