Usiukate mti juu na chini siku moja

Ndugu yangu, nakusihi uweke mkasi chini kwanza. Umeandika kwamba umenunua kitaluni mti wa junipa, ule wa jamii ya misonobari wenye majani madogo ya kijani mwaka mzima, na kwamba Jumamosi utaupogoa, utayafunga matawi waya ili kuyapa umbo, utaipunguza mizizi na kuuhamishia kwenye chungu kifupi cha bonsai, yaani mti unaokuzwa mdogo chunguni ufanane na mti mkubwa, yote kwa mkupuo mmoja. Umeuliza pia ni mtindo gani unaofaa shina lililoinama, chungu kiwe cha rangi gani, umwagilie mara ngapi, na kama mti utaweza kukaa mezani ndani ya nyumba. Lililonishtua ni hiyo Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi ya namna hiyohiyo ndiyo iliyoua mti wangu wa kwanza.

Nao ulikuwa junipa, wenye shina nene kama kidole gumba na mkunjo mzuri karibu na udongo, ambao sijaupata tena kwenye mti mwingine. Asubuhi niliondoa karibu robo tatu ya majani ili shina lionekane. Mchana nikayafunga waya matawi yaliyobaki. Jioni nikautoa mti kwenye kopo la kitalu, nikakuta mizizi imejizungusha ndani yake kama kamba iliyokunjwa. Nikakata nusu yake, nikauosha udongo wote kwa maji ya bomba, kisha nikaushindilia mti kwenye chungu chenye kina cha sentimita 4 hivi. Usiku ule niliutazama kwa furaha kubwa, maana ulifanana kabisa na miti ya pichani.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukielewe vizuri zaidi. Wiki ya kwanza mti ulikuwa wa kijani, ya pili vilevile, hata ya nne sikuona dalili yoyote mbaya, nikawa nawaeleza watu kwamba kazi imefaulu. Kumbe majani ya junipa hubaki na rangi yake kwa wiki nyingi baada ya mizizi kufa. Mnamo wiki ya sita mng'ao ulipotea, kijani kikafifia na kuelekea ukijivu, na nilipokishika kitawi kimoja kilikatika kwa mlio mkavu. Nilikwaruza gome kwa ukucha. Badala ya utando wa kijani wenye unyevu nikakuta mti mkavu wa kahawia. Nilikuwa nimemwagilia maiti kwa zaidi ya mwezi.

Sababu yake haina siri. Maji huingia mtini hasa kupitia ncha changa za mizizi myembamba, na chakula cha kuotesha ncha nyingine hutengenezwa na majani. Ukikata mizizi peke yake, majani yatailisha hadi ipone. Ukikata majani peke yake, mizizi itaendelea kuyanywesha yaliyobaki. Ukikata vyote viwili, hakuna upande uliobaki na nguvu ya kuuokoa mwingine. Tena junipa tawi lake likivuliwa kijani chote kwa kawaida halichipui tena, kwa hiyo kila unachokivua ovyo huenda umekivua moja kwa moja.

Ninayemlaumu ni yule fundi wa video niliyemfuata hatua kwa hatua. Alitoa mti kwenye kopo la kitalu na kuufanya bonsai kamili kwa dakika zisizozidi 20, akaugeuza mbele ya kamera, akaaga. Hakurudi hata mara moja kutuonyesha mti ule baada ya miezi 2. Kumwonyesha mwanafunzi ukataji bila kumwonyesha uponaji ni kumdhulumu, na hasira yangu kwake haijaisha, kwa sababu naona video za aina hiyo ndizo zilizokutuma na wewe.

Kanuni yangu sasa ni kazi moja kubwa kwa msimu mmoja wa ukuaji. Mti wangu wa pili niliuacha kwenye kopo lake la kitalu mwaka mzima. Niliondoa chini ya theluthi moja ya majani, nikafunga waya wa alumini kwenye matawi machache tu, waya wenye unene wa karibu theluthi ya unene wa tawi, nikawa naukagua mara kwa mara usije ukazama kwenye gome. Mizizi sikuigusa hadi mwaka uliofuata, mti ulipoanza kuamka, na hata hapo nilibakiza sehemu ya udongo wake wa zamani. Ncha mpya za kijani hafifu zilipotokeza kwenye kila kitawi, ndipo nilipojua kwamba huko chini kumepona.

Na ndani ya nyumba usiuweke. Junipa ni mti wa nje, unahitaji jua na mapumziko ya majira ya baridi.

Basi Jumamosi hiyo chukua kijiti, ufukue taratibu udongo wa juu hadi uione mizizi mikubwa inapotawanyika kutoka kwenye shina, kwa kuwa mara nyingi kitaluni huzikwa chini kuliko unavyodhani. Uzungushe mti, uutazame pande zote, uamue upande wake wa mbele. Kisha rudisha udongo, umwagilie, uache kopo pale lilipo.