Sahani Hailiwi

SWALI: Mwalimu, nimepokea mwaliko wa tamasha la vyakula vya Pwani usemao: "Njooni tushiriki sahani 12 za jadi, ikiwemo pilau, sahani ya mchele yenye viungo, itakayotolewa katika sinia." Je, sahani na sinia ni kitu kimoja? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Si kitu kimoja, na hilo nitalimaliza upesi. Maneno yote mawili tuliyachukua kwa Waarabu. Sinia, ambayo kwa Kiarabu asili yake ni jina la nchi ya China, ni chombo kipana na bapa cha watu kadhaa kula pamoja, ilhali sahani ni ya mlaji mmoja. Sasa uniwie radhi, kwa kuwa kilichonikera katika mwaliko huo sicho ulichokiuliza.

Ni nani aliyewaambia waandishi wetu kwamba sahani huliwa? Kila nikifungua simu nakutana na "sahani ya asili", "sahani kuu" na, Mungu atusitiri, "sahani ya pembeni", nikabaki kujiuliza wenzetu hawa wana meno ya chuma gani. Kiingereza hutumia neno moja kwa chombo na kwa kilichopikwa, na hiyo ni shida ya wenyewe. Kiswahili kimevitenga tangu zamani, kikatupa chakula, mapishi, mlo na kitoweo, na huko bara kikaongeza mboga, ambayo kwa ukarimu wake humpokea hata samaki.

Lakini lililonivunja mbavu ni hiyo "sahani ya mchele". Mpunga ukikobolewa huwa mchele. Mchele ukipikwa huwa wali. Na ukipikwa katika sufuria moja na nyama, bizari nyembamba, mdalasini, hiliki, karafuu na pilipili manga, huwa pilau, na harufu yake humfikia jirani kabla ya mwaliko. Hata mtoto aliyetumwa dukani mara moja tu hawezi kuchanganya mchele na wali. Anayeniambia kuwa pilau ni "sahani ya mchele" ameniandalia chombo kisicholiwa chenye punje zisizopikwa, kisha ananitakia mlo mwema!

Sisemi kwamba "sahani ya pilau" ni kosa kila mahali. Ukiagiza mgahawani sahani mbili za pilau umetaja kipimo, kama vile vikombe viwili vya chai, na hakuna atakayedhani kwamba umetafuna udongo. Kosa linaanza pale pilau yenyewe inapoitwa sahani.

Na uchungu wangu unazidi kwa sababu sinia ilikuwa papo hapo katika mwaliko. Katika shughuli ya harusi, Unguja au Mombasa, wanne au watano hukaa juu ya jamvi kuizunguka, wakanawa, wakapiga bismillahi, kila mmoja akala upande wake kwa mkono wa kulia, na nyama iliyo katikati akaimega mkubwa wao na kuisukuma mbele ya wenzake. Aliyeandika mwaliko alikuwa na neno linalobeba yote hayo, akalifanya chombo cha kupakulia tu, kisha akawaita watu "kushiriki sahani". Pengine hajui kwamba Tanzania kiongozi akitangaza kuwa "atakula nao sahani moja", wanaoambiwa hawakimbilii kunawa mikono. Hutafuta pa kujificha.

Ingetosha kuandika: "Njooni tule pamoja vyakula 12 vya jadi, na pilau yetu tutaila kwa sinia." Najua kwamba wengi wakishikilia kosa, kamusi huchoka na kulifungulia mlango, na huenda siku hiyo i karibu. Kwa sasa nenda kwenye tamasha, msomaji wangu, uvile vyakula vyote 12, na sahani uzirudishe jikoni zikaoshwe.