Maswali ya Wasomaji: Maonyesho ya Nyaraka Yakiisha, Tuhifadhi Nini?

SWALI: Mimi ni msaidizi wa maktaba katika chuo kimoja cha hapa Lubumbashi. Kila mwaka tunaandaa maonyesho ya hati na picha za zamani; yakiisha, mabango hutupwa na hati hurudishwa kabatini. Mwalimu mmoja alikuja kuulizia maonyesho yetu ya miaka iliyopita kuhusu kambi za wafanyakazi wa migodi, nasi hatukuwa na chochote cha kumpa. Tuhifadhi nini, na je, hati zilezile zinaweza kuonyeshwa tena?

JIBU: Ndugu msomaji, maonyesho ni utafiti kamili, kwa maana kuna mtu aliyechagua hati hii akaiacha ile, akazipanga na kuziandikia maelezo. Kila maonyesho yafunguliwe jalada lake, lenye orodha ya vitu pamoja na namba zake za kabatini, maelezo yote yaliyobandikwa, na picha za kila meza na kila ukuta kabla hakijaondolewa kitu. Mabango makubwa yanaweza kuachwa, mradi faili zake za kompyuta zipo.

Lakini kitu ambacho ningekihifadhi kwanza ni daftari la wageni. Picha nyingi za Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi iliyoundwa mwaka 1906 na ambayo mali zake hapa Kongo zilichukuliwa na serikali mwanzoni mwa 1967, zilipigwa kwa mahitaji ya kampuni yenyewe, hivyo mara nyingi maelezo yake hutaja mtambo au jengo bila kutaja jina la mfanyakazi aliyesimama mbele yake. Mzee wa Kenya au wa Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, akimtambua baba yake kwenye picha, ameongeza habari ambayo haimo katika hati yoyote. Mwombeni aandike jina, kambi na mwaka anaoukumbuka, kisha habari hiyo iingizwe katika orodha ya picha, ikionyesha imetoka kwa nani. Ninasikitika sana ushuhuda kama huo unapotupwa pamoja na karatasi za ukutani.

Tena, hakuna ajuaye picha hizo zitatumiwa vipi kesho. Mwaka 2006 Sammy Baloji, msanii mzaliwa wa Lubumbashi, alichukua picha za wafanyakazi wa enzi za ukoloni akaziunganisha na picha alizopiga mwenyewe katika magofu ya viwanda, na kazi hiyo imeonyeshwa katika nchi nyingi.

Kuhusu kurudia maonyesho, rudieni, ila kwa nakala. Mwanga unaokubalika kwa karatasi na picha ni takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), tena kwa miezi michache tu, kwa sababu madhara yake hujumlika na hayafutiki hata hati ikirudishwa gizani. Jua la kiangazi chetu likipita dirishani huzidi kiwango hicho mara nyingi sana. Hati asili moja au mbili zinatosha, mbali na dirisha.

Mwisho, picha zilizoazimwa kwa familia zisichanganywe na za maktaba. Ziandikiwe hati ya kuazima, zirudishwe kwa sahihi, na familia iulizwe waziwazi kama inaruhusu nakala ibaki chuoni na ionyeshwe tena.