Kabla hujaisifu nohita, uliza nani alikuwa mpigaji wa tisa

Ninyi mnaoanza kufuatilia besiboli ya Marekani, zoeeni kutazama safu ya H kwenye ubao wa matokeo. R ni pointi, H ni hiti (pigo zuri linalomfikisha mpigaji kwenye besi, kituo cha kukimbilia), E ni makosa ya wanaozuia. Awamu ya sita kati ya tisa ikifika na H ya timu moja bado ni sifuri, soda isubiri. Hapo inanukia nohita, yaani mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) kumaliza mchezo bila kuruhusu hiti hata moja.

Nohita si lazima besi zibaki tupu. Mpigaji anaweza kupewa besi baada ya mirusho minne mibaya, akagongwa na mpira, au mpinzani akaponyokwa na mpira mwepesi. Hapo mwenye kauli ni karani wa mchezo: akiandika E, nohita ipo; akiandika H, kwisha habari. Tena lazima zirushwe awamu 9. Mwaka 1990 Andy Hawkins wa Yankees hakuruhusu hiti hata moja kule Chicago, akafungwa 4-0 vilevile, na mwaka uliofuata wakamfuta kwenye orodha kwa sababu alirusha awamu 8 tu. Wenyeji walikuwa wanaongoza, ya tisa wapige ya nini?

Sasa ligi, maana ziko mbili: American na National. Kuanzia 1973 American League ilimruhusu mpigaji maalumu ashike zamu ya mrushaji ya kupiga. National League ilikataa, ikaja kukubali moja kwa moja mwaka 2022. Wageni wengi huishia kusema nohita za National ni za mteremko, maana mpigaji wa tisa, wa mwisho kwenye zamu, alikuwa mrushaji mwenzako, na warushaji wengi hawajui kupiga. Nusu ya kweli. Kuna Rick Wise wa Phillies, 1971: alirusha nohita na papo hapo akapiga homurani mbili (mapigo ya kuzunguka besi zote).

Nusu ya pili ndiyo inayosahaulika: na wewe ulipaswa kupiga. Tarehe 21 Julai 1970 Clay Kirby wa Padres alikuwa amemaliza awamu 8 bila hiti, lakini timu yake iko nyuma 1-0. Zamu yake ya kupiga ikafika. Kocha Preston Gomez akamtoa, akamwingiza Cito Gaston apige badala yake. Gaston akakosa, mrushaji aliyefuata akapigwa hiti, wakalala 3-0. Mimi naona Gomez alikuwa sahihi, ingawa mashabiki walimzomea. Mwaka 1974, akiwa Houston, alimfanyia Don Wilson hivyohivyo!

Kwa hiyo kwenye daftari lako, kando ya kila nohita ya kabla ya 2022, andika mwaka, ligi na uwanja. Uwanja pia, kwa sababu tangu ligi hizo zianze kukutana katika msimu wa kawaida mwaka 1997, kwa kawaida zilifuatwa kanuni za mwenyeji. Padres walisubiri nohita yao ya kwanza hadi Aprili 2021, Joe Musgrove alipowafunga Rangers 3-0 kule Texas, uwanja wa American League, ambako hakutakiwa kushika gongo hata mara moja.