Je, wavuvi wa sangara wakigoma kwenda ziwani, bei itapanda?

SWALI: Nina mitumbwi inayovua sangara katika visiwa vya Kalangala, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Nimesoma kwamba wavuvi wa kambakoche wa jimbo la Maine, Marekani, waliwahi kubaki bandarini ili bei ipande. Nasi tukikubaliana kutovua kwa wiki moja, wakala wa kiwanda hatalazimika kutuongezea bei?

JIBU: Ndugu msomaji, sidhani kwamba mgomo wa wiki moja utakufaa. Upungufu wa samaki hupandisha bei pale mnunuzi anapokosa pengine pa kununua, na pale muuzaji anapoweza kungoja kwa muda mrefu kuliko mnunuzi.

Wavuvi wa Maine walibanwa na wingi. Mwaka 2012 bahari ilipata joto mapema, kambakoche wakajivua magamba kabla ya wakati wao wa kawaida, na wale wenye gamba laini, ambao hawastahimili safari ndefu wakiwa hai, wakafurika wakati viwanda vya usindikaji vya Kanada vilikuwa bado vimejaa kamba wa Kanada yenyewe. Mavuno yalitoka ratili milioni 105 hivi mwaka 2011 hadi zaidi ya milioni 120, na bei ya wastani ikashuka kutoka takriban dola 3.20 hadi 2.70 kwa ratili, hivyo kazi iliyoongezeka haikuzaa mapato ya kulingana nayo. Baadhi yao walibaki bandarini, ingawa sheria za ushindani za Marekani zinawakataza wavuvi wanaojitegemea kupatana ili kupandisha bei. Chama chao kilitiwa hatiani kwa jambo hilo katika miaka ya 1950.

Hata hivyo kamba mwenye gamba gumu huweza kuhifadhiwa hai kwa wiki kadhaa, na sangara huanza kuharibika ndani ya saa chache. Katika mialo mingi, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, barafu huja na chombo cha wakala, na mara nyingi wakala huyo huyo ndiye aliyekopesha nyavu, mashine na mafuta, kwa hiyo mvuvi hufika kwenye mizani akiwa hana nafasi ya kukataa. Isitoshe, Tanzania ina karibu nusu ya Ziwa Victoria na Uganda ina zaidi kidogo ya asilimia 40. Mkigoma nyinyi, mialo mingine itaendelea kuuza. Na mnunuzi wa minofu kule Ulaya, akiona sangara amepanda mno, ana pangasius, samaki wa kufugwa wa Vietnam, wa kumweka mahali pake. Bei yenu imefungamana na soko hilo: mwaka 1999, usafirishaji wa samaki wetu kwenda Umoja wa Ulaya ulipozuiwa kwa sababu ya uvuvi wa sumu, bei mwaloni ilianguka pasipo wavuvi kuongeza mavuno.

Nguvu mnayo, lakini iko kwingine. Viwanda vya Uganda vimejengwa kuchakata samaki wengi kuliko wanaopatikana, na mashine isiyo na samaki ni hasara ya kila siku kwa mwenye kiwanda. Kikundi chenye barafu yake na mizani yake, kisicho na deni kwa wakala mmoja, kinaweza kuwashindanisha mawakala wawili au watatu. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko mgomo wowote, maana linakupa yale masaa ya kungoja ambayo sasa yako mikononi mwa mnunuzi.

Jambo la pili ni ukubwa wa samaki. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yakikaushwa huuzwa China na Hong Kong kwa bei inayozidi sana ile ya minofu, na kilo moja ya mabondo makubwa hulipwa zaidi kuliko kilo ya madogo. Yakiwa makavu hudumu kwa miezi, kwa hiyo ndiyo sehemu ya sangara inayoweza kungoja bei nzuri, nawe unapouza samaki mzima kwa bei moja ya kilo unampa wakala faida hiyo yote. Sangara aliye chini ya sentimita 50 ni haramu kuvuliwa, na hata kibiashara ni hasara, kwa kuwa anauzwa kabla bondo lake halijapata thamani.

Kabla ya kuchukua mkopo mwingine wa nyavu, mtake wakala akuandikie bei ya kila daraja la ukubwa, na akueleze kama thamani ya bondo imo ndani yake.