Kioo cha tempa kwenye boti: maswali yenu

Tangu nigusie madirisha ya boti hapa, maswali yamekuja kutoka Kizimkazi hadi Wete. Nimechagua yanayojirudia. Kwa waliochelewa: kioo cha tempa ni kioo cha kawaida kilichopashwa moto kupita nyuzi 600 za selisiasi, kisha kikapulizwa upepo wa ghafla pande zote. Uso wa nje hupoa na kukaza mwanzo. Sehemu ya ndani inapopoa baadaye huuvuta ule uso ukajibana. Mbano huo ndio nguvu yake. Kila swali hapa chini linarudi pale pale.

*Assalamu alaykum. Dukani muuzaji alikipiga kioo kwa nyundo mbele yangu na hakikuvunjika. Nikinunue? – Mwenye boti, Kizimkazi*

Waalaykumu salaam. Hayo ni maonesho ya biashara, bwana, wala si kipimo. Tempa ina nguvu mara nne hadi tano ya kioo cha kawaida cha unene ule ule, na nyundo bapa katikati ya kioo inapiga pale kilipo imara zaidi. Mwambie akigonge ubavuni kwa kitu chenye ncha, uone kama atathubutu.

Vipimo vya kweli viko vya namna mbili. Cha kwanza kinaua kioo. Kwa kiwango cha Ulaya, EN 12150, huchukuliwa kipande cha sampuli cha milimita 1,100 kwa 360, kikapigwa kwa ncha kali milimita 13 kutoka ukingo mrefu, kikasambaratika. Halafu watu wanakaa wanahesabu: ndani ya mraba wa sentimita tano kwa tano, kioo cha unene wa milimita 4 hadi 12 lazima kitoe vipande visivyopungua 40. Vikiwa vichache, vipande ni vikubwa na vinakata, maana yake tempa haikuiva.

Cha pili kinakiacha kioo kizima, na hiki ndicho cha vyombo vya baharini. Kiwango chake ni cha kimataifa, ISO 614. Kioo kinalazwa juu ya pete, kinakandamizwa katikati kwa nguvu iliyopangwa kulingana na unene wake, na kikistahimili ndicho hicho hicho kinachokwenda kufungwa melini. Tofauti ni kubwa. Katika kipimo cha kwanza unauziwa ndugu wa kioo kilichopimwa. Katika cha pili unauziwa kilichopimwa chenyewe.

Kwa hivyo acha nyundo, angalia pembeni. Tempa halali ina muhuri usiofutika kwenye kona, wenye namba ya kiwango. Ukikuta ni kiwango cha majengo peke yake, hicho ni kioo cha mlango wa bafu la hoteli. Kizuri, lakini hakuna aliyekipima kwa ajili ya mawimbi. Muulize muuzaji karatasi ya kipimo. Akianza hadithi, jibu umepata.

*Maalim, nataka kutoboa chini ya boti ya faiba niweke tempa, wageni waone matumbawe kule Mnemba. Niweke milimita ngapi? – Nungwi*

Kabla ya milimita, tuzungumze jinsi tempa inavyokufa. Haiweki ufa ukapata muda wa kurudi pwani. Ikivunjika inavunjika yote kwa mpigo mmoja, na tundu linabaki wazi.

Chukua kioo cha sentimita 40 kwa 50, nusu mita chini ya usawa wa maji. Boti ikiwa imetulia, bahari inakisukuma kwa uzito wa kilo 100 hivi; si kitu, tempa ya kiasi inabeba. Lakini boti haitulii. Inaruka wimbi na kutua, na ule mzigo unapanda mara kadhaa kwa kupepesa jicho. Kikiachia, maji yanaingia zaidi ya lita 300 kila sekunde. Ni ndoo kubwa kumi na tano kwa sekunde moja, na wewe una kopo la kuchotea.

Kwa hiyo tempa ya bamba moja chini ya usawa wa maji, mimi nasema hapana, hata iwe nene vipi. Tumia mabamba yaliyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati, ili moja likivunjika jengine lishike, au akriliki nene, yaani plastiki angavu kama ile ya matangi ya samaki. Akriliki nayo usiisafishe kwa petroli wala thina, itajaa nyufa ndogondogo.

Na la muhimu kuliko kioo chenyewe: lizungushie tundu kuta za faiba, zipande juu kupita usawa wa maji boti ikiwa imejaa watu. Kioo kikivunjika, maji yatapanda ndani ya kisima hicho mpaka usawa wa bahari na kusimama hapo. Utapoteza biashara ya siku ile, hutapoteza boti. Nimeona mabaraza mengi yakibishana milimita, na hichi kisima hakuna anayekitaja. Mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri Baharini mwite kabla ya kutoboa, si baada.

*Tuna vioo vya gari bovu. Fundi anasema atavikata kwa almasi viingie kwenye boti. – Chake Chake*

Vya milango ni tempa. Akivigusa kwa almasi atabaki na punje mkononi, kwani tempa hukatwa na kutobolewa kabla ya kuchomwa, kamwe baada. Cha mbele ni mabamba mawili yaliyogandishwa, hicho kinakatika, ila kimepinda. Viache.

*Nikivaa miwani ya jua naona madoa kwenye kioo cha boti. Kimeharibika? – Mkokotoni*

La. Miwani yako inachuja mwanga, na madoa ni alama ya ule mbano. Ni dalili ya tempa. Haikwambii kama tempa hiyo ni nzuri.

*Boti ilikuwa imefungwa, hapana mtu, kioo kikalipuka usiku. Watu wanasema jini. – Wete*

Jini simsemei. Ila kabla ya kumsingizia, kagua mambo mawili. Kwanza fremu: skrubu iliyogusa kioo, au ukingo uliobanjuka wakati wa kufunga. Jeraha dogo la ubavuni linaweza kungoja, kisha joto la mchana na ubaridi wa usiku likamaliza kazi.

Pili, mle mle ndani ya kioo huweza kubaki punje ya nikeli salfaidi isiyoonekana kwa macho. Baada ya kuchomwa, punje hiyo hutanuka polepole, pengine kwa miaka, mpaka kioo kipasuke bila kuguswa. Ukiwahi vipande kabla havijaanguka, tazama kilipoanzia; mara nyingi huwa na vipande viwili vikubwa vilivyokaa kama mabawa ya kipepeo. Viwanda vizuri huvipasha tena vioo kwa saa kadhaa ili vibovu vipasukie kiwandani. Ukiagiza tena, ulizia hilo.

*Fundi kaniwekea kioo cha milimita sita mbele ya nahodha, kimoja kirefu. Kinatosha kwa kusi? – Mkoani*

Sijui ukubwa wake, na hapo ndipo jibu lilipo. Kwa wimbi lile lile, ukizidisha pande zote za kioo mara mbili, mkazo unazidi mara nne. Ukitoka kioo cha sita kwenda cha nane, unapungua kwa asilimia 44. Kwa hiyo kukigawa kwa nguzo katikati kunaweza kusaidia kuliko kununua kinene. Kwa boti ndogo hesabu ziko kwenye ISO 12216; mtake fundi akuoneshe, asikadirie kwa macho.

Angalia pia kimekaa upande gani. Kioo kikae nje ya ukingo wa fremu, wimbi likisukuma likibane, lisiking'oe. Mpira uzunguke kote, chuma kisiguse. Silikoni peke yake ni ya kuzuia maji, haishikilii kioo.

*Shikamoo. Nasafiri na watoto kwenda Pemba. Hatari ikitokea, dirisha nalivunja vipi? – Mama, Mwanakwerekwe*

Marahaba, mwanangu. Baada ya kuzama kwa meli za Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, swali lako ni la haki. Ukipanda, tafuta kwanza milango ya dharura na jaketi za watoto. Dirisha ni la mwisho. Si kila dirisha linavunjika: la mabamba yaliyogandishwa litapata nyufa na kubaki pale pale. La tempa hupigwa kwa nyundo yenye ncha, ile ndogo inayotundikwa ukutani, kwenye kona karibu na ukingo. Katikati utajichosha. Funika macho ya watoto, kisha sukuma punje kwa begi au nguo, usitie mkono. Na kama huioni nyundo ukutani, muulize baharia iko wapi kabla meli haijang'oa nanga Malindi.