Mbu wa saa nane

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana baada ya alasiri, nikaurudia usiku mama yako alipokwisha lala. Unasema kijana wako mmoja wa kukamata mbu wa utafiti amejaza fomu ya usiku mzima kumbe alikuwa amelala, mwenye mradi anataka afukuzwe kabla ya Ijumaa, na wewe ndiye uliyetumwa ukamwambie. Halafu chini kabisa, kama mtu anayedondosha kitu makusudi, ukaniuliza: "Baba, ninyi enzi zenu mliwahi kutunga namba?"

Ndiyo. Mimi nimewahi. Usiku mmoja, na mbu kumi na tisa.

Hukuwahi kuisikia hii kwa sababu nyumbani nilikuwa nasimulia ya kuchekesha tu: yule mzee aliyeamka kwenda haja akanikuta nimeketi gizani sebuleni kwake, suruali nimeikunja hadi magotini, akanipigia yowe la mwizi wakati yeye mwenyewe ndiye aliyenikaribisha jioni.

Kazi yenyewe wewe unaijua kwa jina lake la vitabuni. Sisi tuliiita kukaa. "Leo unakaa?" "Nakaa." Unaketi kwenye kigoda ndani ya nyumba ya mtu tangu saa 12 jioni, miguu wazi, mdomo kimya. Mbu akitua unawasha tochi, unamfunika kwa mdomo wa mrija kabla hajazamisha mdomo wake yeye, unamvuta kwa pumzi fupi. Ukivuta kwa pupa unamwua. Kisha unampuliza taratibu kwenye kikombe cha karatasi kilichofunikwa kipande cha chandarua. Kila saa na kikombe chake: dakika 45 za kukamata, 15 za kunyoosha mgongo. Hadi saa 12 asubuhi. Wale wanaokupigia zeze sikioni mapema wengi ni wa chooni tu. Gambiae mwenyewe, yule mbu wa malaria, hana haraka. Huja watu wakishakoroma, anatua mwepesi kama jivu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980, msimu wa machungwa hapa Muheza. Mchana ule nilikuwa nimepakia lori zima la machungwa kwa sababu nilitaka malipo ya mchana na posho ya usiku vyote viwili. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na mgonjwa au msiba. Ilikuwa tamaa. Saa saba usiku nikakamata mbu 19, nikafunga kikombe, nikaandika kwenye fomu. Nilipoegemea ukuta kidogo, nikashtuka jogoo anawika. Saa nane imepita, saa tisa imepita, vikombe viwili vitupu vinanitazama.

Nikafanya hesabu ya mgawanyo. Saba nikawaacha kwenye kikombe cha saa saba, sita nikawahamishia cha saa nane, sita cha saa tisa. Nikafuta 19 kwa kifutio hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Asubuhi pale maabara kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akitupokelea vikombe, mnene, mpole, miwani imefungwa uzi. Akaweka fomu yangu kando ya fomu ya mwenzangu aliyekaa nyumba ya tatu kutoka yangu. Ya mwenzangu ilikuwa inapanda kila saa kuelekea alfajiri. Yangu inashuka. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Huku kwako mbu walikwenda kulala?"

Nilisema kila kitu palepale. Si kwa ujasiri, mwanangu. Magoti yalikuwa yanagongana.

Msimamizi hakunifukuza. Alichukua kalamu nyekundu akapiga mstari usiku wangu wote, si zile saa tatu tu. Hilo ndilo lililoniuma, maana saa nyingine tisa zilikuwa halali, nilizilipia kwa ngozi yangu. Nikamlalamikia. Akanivutia kiti, akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili bila mtu kunieleza: kwa nini wanataka saa. Wakati ule watafiti hapa Muheza walikuwa wanajaribu vyandarua na mapazia yaliyochovywa dawa. Mbu akiuma usiku wa manane, mtu yuko kitandani, chandarua kina kazi. Akiuma jioni, watu wako nje wanapika na kupiga soga, chandarua kinaning'inia bure. Kwa hiyo vikombe vyangu, kwa udogo wake, vilikuwa vinatoa ushahidi wa uongo kwamba mbu wanapoa baada ya saa saba. Mimi nilidhani naiba usingizi tu.

Sasa nikwambie ninavyomwona huyo kijana wako. Kabla hujamwambia lolote, muulize kama anajua kwamba sifuri nayo ni jibu. Sisi tulikuwa na mbu hadi unachoka kuwavuta. Huko kwenu, ulivyoniambia, vyandarua vimeenea na saa inaweza kupita bila mbu hata mmoja. Mtu anayekaa usiku kucha akarudi na vikombe vitupu anaona aibu, anadhani ataonekana mvivu, tena anaogopa posho itakatwa. Kama mradi wenu umewahi kumsifu mwenye mbu wengi mbele ya wenzake, hata kwa utani, basi mmemfundisha wenyewe.

Nyie mlisomeshwa habari za daktari Ronald Ross, kwamba tarehe 20 Agosti 1897 kule Secunderabad, India, aliviona vimelea vya malaria kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Lakini hujaniambia kama walikufundisha alivyofika hapo. Alikuwa amepasua mbu tangu 1895, na wengi mno hawakuwa na kitu, kwa sababu walikuwa aina isiyobeba malaria ya binadamu. Skrubu za hadubini zilishika kutu kwa jasho la mikono na paji la uso, lenzi aliyobakiwa nayo ilikuwa na ufa, na feni ya kuvutwa kwa kamba hakuitaka kwa sababu ingempeperushia mbu wake. Miaka miwili ya kuandika hamna, hamna, hamna. Na hizo hamna ndizo zilizomfanya aamini alichokiona siku ile.

Na mbu wenyewe walishibia kwa nani? Kwa mgonjwa mmoja aitwaye Husein Khan, aliyelipwa anna 1 kwa kila mbu aliyemnywa damu. Mbu 10, anna 10. Rupia moja ilikuwa anna 16, kwa hiyo hata rupia haikutimia. Ross akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Mtaliano Grassi, aliyeonyesha kwamba ni mbu wa jamii ya Anopheles ndiye anayempa binadamu malaria, akaachwa nje, na yeye na Ross wakatukanana miaka mingi kama wagombea shamba. Kwa Husein Khan hakuna aliyegombana.

Sisemi hivi kwa kinyongo. Mwaka 1991 ilitoka makala ya utafiti uliofanyika hukuhuku kwetu, wa kulinganisha mitego ya taa na watu. Ikaonekana mitego mitatu iliyowekwa kando ya vyandarua inakamata takriban sawa na wakamataji wawili. Mwenzangu mmoja akapiga hesabu, akazunguka ofisi nzima akiniita Taa Moja na Nusu. Nilicheka, ila nilifurahi pia. Taa haipakii machungwa mchana, na haiugui homa.

Kwa hiyo, mama, ufanye hivi. Usiku wake wote ufute, usimwachie hata saa moja, na umwonyeshe unavyoufuta. Rudia kuangalia fomu zake za nyuma, uziweke kando ya za wenzake wa usiku uleule kama yule mama wa miwani. Ukikuta mchezo ni wa siku nyingi, mwache aende, sitakutetea mwizi. Ukikuta ni usiku mmoja, nenda kwa mwenye mradi umwombe. Umuulize pia kijana anakaa usiku mara ngapi kwa wiki na mchana anafanya nini, maana nasikia siku hizi mnawapanga usiku mfululizo. Kisha wewe mwenyewe ukae. Usiku mmoja, kigoda kilekile, nyumba ileile. Najua una shahada mbili. Kaa.

Unywe kwanza dawa ya kinga wanayowapa wakamataji, usijifanye jasiri.

Mama yako anasema chandarua alichokushonea mwaka jana kina tundu upande wa miguuni, alikiona ulipokuja Idd. Kiangalie. Na unijibu kabla ya Ijumaa kijana amesema nini.

Baba yako